Mayo ya Barça imefika Basoko, ya Kisangani iko wapi?

Boti za mbao zinazotoka Kisangani kuelekea chini ya mto hupita Yangambi, hugusa Isangi, kisha hushuka hadi Basoko, pale Aruwimi inapomwaga maji yake ndani ya mto Kongo. Katika marobota yanayoshushwa kuna chumvi, sabuni, betri, dawa, na mara nyingi kuna jezi za mpira. Mayo, kama wengi wetu tunavyosema. Za Barcelona, za Real Madrid, za Chelsea, za PSG. Mara nyingine hata za Léopards. Lakini kijana wa Basoko anayefuata TS Malekesa, AS Makiso au AS Nika kwenye redio atazunguka soko zima bila kukuta jezi ya timu yake. Hata akipanda boti hadi Kisangani kwenyewe, atatafuta sana.

Kuna watakaosema huu si wakati wa kuzungumza juu ya nguo za wachezaji. Mashariki kuna vita, barabara zimekufa, bei ya mchele inapanda. Tungekubaliana nao kama serikali yenyewe isingekuwa imefanya jezi kuwa jambo la dola. Mwaka 2025 ndio mwaka ambao mawaziri wetu walizungumza juu ya mikono na migongo ya jezi za Ulaya kuliko wakati mwingine wowote.

Mambo yalianza hivi. Mwezi wa pili 2025, siku chache baada ya Goma kuanguka mikononi mwa M23, waziri wa mambo ya nje Thérèse Kayikwamba Wagner aliwaandikia Arsenal, PSG na Bayern Munich. Aliwaomba waachane na maandishi ya Visit Rwanda. Arsenal ilikuwa na mkataba huo tangu 2018, PSG tangu 2019, Bayern tangu 2023. Mashabiki Wakongomani walioko Ulaya walipeleka malalamiko yao hadi milangoni mwa klabu, na hata baadhi ya mashabiki wazungu waliungana nao. Matokeo yamekuwa tofauti: Bayern ilibadili mkataba wake mwezi wa nane 2025 ukawa wa kulea vipaji vya vijana tu, Arsenal ikatangaza mwezi wa kumi na moja kwamba itaachana nao mwisho wa msimu, na PSG ikaongeza mkataba hadi 2028.

Kwa mkaaji wa Kisangani hilo halikuwa jambo la siasa ya mbali. Mwezi wa sita 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana siku sita katikati ya mji wetu, na waliokufa walikuwa hasa wakaaji waliojificha chini ya vitanda. Mahakama ya kimataifa ya haki ya La Haye iliamuru Uganda kulipa dola milioni 325 mwaka 2022, na Kisangani imo ndani ya hukumu hiyo. Kwa hiyo kijana wa Mangobo au wa Tshopo anaposoma jina la nchi kwenye mkono wa jezi, halioni kama tangazo la hoteli. Wako waliokata ule mkono kwa makasi na kuendelea kuvaa iliyobaki, kwa sababu kuacha kuipenda Arsenal waliona vigumu. Tunawaelewa.

Baadaye serikali yetu ikachukua njia ile ile ya jirani. Mwaka huo huo 2025 ilitia sahihi na AS Monaco, kisha AC Milan, kisha FC Barcelona. Ule wa Barcelona ulitangazwa mwishoni mwa mwezi wa saba, ni wa misimu minne, na magazeti ya Ulaya yaliandika kwamba unazidi euro milioni 40. Maneno «R.D. Congo, Cœur d'Afrique» yanawekwa mgongoni mwa nguo za mazoezi za timu ya wanaume na ya wanawake.

Mashabiki hawakubaliani juu ya jambo hili, na tumewasikia pande zote. Wapo wanaosema: vizuri, kama Rwanda inajitangaza kwa mpira, sisi wenye Kongo kubwa kwa nini tunyamaze? Wapo wanaouliza ni mtalii gani atakayeona mgongo wa mchezaji wa Barça akipasha mwili, kisha akate tiketi kuja Tshopo. Sisi tunawaunga mkono hawa wa pili, na tunaongeza jambo moja dogo linalotuchekesha kidogo. Maneno hayo yako kwenye nguo za mazoezi, hayako kwenye jezi ya mechi. Bandia zinazofika sokoni kwa kawaida huiga jezi ya mechi. Kwa hiyo Kongo imelipa mamilioni ya euro, na mayo ya Barça inayouzwa Basoko bado haina jina la Kongo.

Turudi nyumbani. Katika nchi hii tumejua kwa muda mrefu kwamba anayelipia jezi anaweza kuchukua hata jina. Mabingwa wa Afrika wa 1967 na 1968 kutoka Lubumbashi hawakuitwa TP Mazembe wakati ule. Waliitwa TP Englebert, na Englebert ilikuwa chapa ya matairi ya Ubelgiji. Hadi leo wazee wa Lubumbashi wanalitaja jina lile kwa heshima, ingawa kampuni yenyewe vijana wengi hawaijui. Rangi nyeusi na nyeupe ndizo zilizobaki, pamoja na mamba. Vilevile ukitaja kijani na nyeusi kila mtu anajua ni Vita Club, kijani na nyeupe ni Motema Pembe, bluu na njano ni Lupopo wa reli. Rangi hizo zimeishi kuliko maprezida wote na kuliko wafadhili wote.

Na jezi ya Zaïre ya 1974? Ile ya kijani, ya Adidas, yenye chui kifuani, waliyoivaa Léopards kule Ujerumani katika Kombe la Dunia. Walifungwa na Scotland 2 kwa 0, na Yugoslavia 9 kwa 0, na Brazil 3 kwa 0. Hawakufunga hata bao moja. Lakini mayo ile ni mojawapo ya zinazopendwa sana duniani, na maduka ya Ulaya yanauza nakala zake hadi leo kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Kinshasa. Uzuri wake ulitoka kwenye jambo rahisi: ilisema sisi ni nani bila kuuza kitu kingine. Feza ya nakala hizo inabaki huko huko zinakouzwa.

Timu ya taifa angalau ina mtengenezaji anayejulikana. Katika CAN ya 2019 ilikuwa O'Neills, kampuni ya Ireland. Katika CAN iliyochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024, ile ambamo wachezaji walifunika midomo kwa mkono na kuelekeza vidole viwili kichwani wakati wa wimbo wa taifa kabla ya nusu fainali, walikuwa wamevaa Umbro. Kila mara mtengenezaji anapobadilika mashabiki wanabishana: chui amewekwa vibaya, bluu imekuwa nyepesi, mstari mwekundu umepotea. Ni ubishi mzuri. Malalamiko mazito zaidi ni kwamba jezi halali inauzwa kwa euro, kwa mtu mwenye kadi ya benki na anwani ya posta, na huku kwetu inafika bandia.

Tusimlaumu muuza bandia haraka. Tumeona kazi yake. Mzigo unatoka China au Dubai, unapita Uganda, unaingia kwa Kasindi, unafika mikononi mwa wafanyabiashara wa Butembo na Beni, kisha unapanda lori kwa barabara ya Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende hadi Kisangani. Wakati wa mvua lori linaweza kukaa wiki nzima ndani ya matope, na sehemu nyingine dereva hajui kama atapita salama. Halafu toleka linabeba robota hadi bandarini, na boti inalishusha Basoko. Ikiwa baada ya safari hiyo mayo bado inauzwa kwa bei ambayo mvuvi anaweza kulipa, huyo mfanyabiashara anajua kazi. Swali letu ni jingine: kwa nini barabara hiyo hiyo, lori hilo hilo na boti hiyo hiyo hazibebi jezi ya klabu ya Kisangani?

Jibu liko ndani ya klabu zenyewe. Klabu nyingi za kwetu zinaishi mfukoni mwa prezida. Yeye ananunua jezi, anachagua rangi usiku kabla ya msimu, anaweka jina la kampuni yake kifuani, na akiondoka anaondoka nazo. Msimu unaofuata komite mpya inaanza upya na seti moja ya jezi 25, zote za wachezaji. Shabiki hakuhesabiwa popote. Kama timu inavaa rangi fulani mwaka huu na nyingine mwaka ujao, mama anayeuza makala nje ya uwanja wa Lumumba atanunua kitambaa cha rangi gani?

Karibu na uchaguzi inakuwa mbaya zaidi. Kila mgombea anagawa jezi na mpira mmoja kwa kila kartie, na kifua kimejaa uso wake. Watoto wa Basoko, wa Lokutu, wa Isangi wanacheza fainali ya likizo, mheshimiwa dhidi ya mheshimiwa. Baada ya miezi sita rangi imechujuka, uso umebaki nusu, na mwenyewe yuko Kinshasa. Hatusemi wakatae, mtoto asiye na jezi atavaa anayopewa. Tunasema tu kwamba klabu yenye historia isijiweke katika daraja hilo.

Wapo wanaodhani shabiki hana nguvu mbele ya mwenye feza. Mfano wa Tanzania unaonyesha tofauti. Ligi Kuu yao ilipokuwa chini ya Vodacom, nembo ya mfadhili ilikuwa nyekundu, na nyekundu ni rangi ya Simba. Yanga, watu wa kijani na njano, walikataa kuivaa, na mwishowe kampuni kubwa ya simu ikakubali nembo yake iwekwe nyeusi kwenye jezi za Yanga. Mbali zaidi, huko Wales, mmiliki wa Cardiff City alibadili jezi ya bluu kuwa nyekundu mwaka 2012 akidhani italeta bahati na soko la Asia. Mashabiki walipiga kelele zaidi ya miaka miwili. Mwezi wa kwanza 2015 bluu ikarudi.

Na feza nayo inafuata. Simba ilimpa mfanyabiashara wa nguo wa Dar es Salaam, Vunjabei, kazi ya kutengeneza na kuuza jezi mwaka 2021, kwa shilingi bilioni 2 za Tanzania katika miaka miwili. Mwaka 2023 akaja Sandaland. Mwaka 2025 Jayrutty akapata mkataba wa miaka mitano unaozidi bilioni 38. Tanzania ina soko kubwa kuliko letu na barabara za lami, hatujidanganyi. Lakini tazama nani aliyeanza kuingia kwenye biashara hiyo: muuza nguo wa mjini, mwenye maduka, anayejua kuleta kontena. Watu wa namna hiyo Kisangani tunao. Ndio hao hao wanaoleta Barça ya bandia. Klabu ikimpa mmoja wao haki ya kutengeneza na kuuza jezi yake peke yake, kwa mkataba wa maandishi, atakuwa na sababu ya kuilinda jezi hiyo dhidi ya waigaji, maana sasa hasara ni yake.

Tatizo la kwanza litakuwa mtaji. Hakuna mfanyabiashara atakayeagiza jezi elfu za timu ya Kisangani bila kujua kama zitanunuliwa. Hapa tuna dawa ambayo mama zetu wanaijua kuliko komite yoyote ya mpira. Parokia inapotaka kusherehekea jubile, inachapisha kitenge chake. Wanachagua mfano, wanaweka bei, watu wanajiandikisha na kutoa sehemu ya feza mapema, mwandishi anaandika majina kwenye daftari, oda inapelekwa kwa hesabu kamili, kitenge kinakuja, kila mtu anamalizia deni na kuchukua chake. Tarehe 8 mwezi wa tatu vyama vya akina mama vinafanya vilevile. Hakuna anayepoteza, na siku ya sherehe mji mzima una rangi moja. Klabu inaweza kuagiza jezi hivyo hivyo. Kamati ya mashabiki katika kila komini, daftari moja, malipo kidogo kidogo kama likelemba, na oda inaondoka miezi mitatu kabla ya msimu. Basoko, Isangi na Yangambi wangeandikishwa kupitia wenye boti, ambao tayari wanabeba barua na feza za watu kila wiki.

Tuseme watu 3 000 wajiandikishe, katika mji wenye wakaaji zaidi ya milioni moja. Tuseme klabu ibaki na dola 2 tu kwa kila jezi. Ni dola 6 000. Haitanunua mshambuliaji, lakini italipa sehemu ya safari moja ya ugenini, na katika ligi ambamo timu ya Kisangani inalazimika kupanda ndege ili kucheza, safari moja ni kitu. Zaidi ya hapo, feza hiyo haitoki kwa mheshimiwa, kwa hiyo haidai kura.

Kuna wanaokumbusha kwamba Kisangani ilikuwa na SOTEXKI, kiwanda kilichosuka na kuchapisha vitenge tangu miaka ya 1970 kwa pamba ya Uele na maeneo ya jirani. Tunajua kilivyodhoofika: pamba ilikwisha mashambani, umeme wa bwawa la Tshopo ukawa wa kubahatisha, vitambaa rahisi vya nje vikajaa sokoni. Tuwe wakweli pia: jezi ya leo ni ya poliesta, inachapwa kwa joto, na hiyo haikuwa kazi ya SOTEXKI. Kuisubiri ifufuke ndipo tuvae ni kujichelewesha. Kitambaa kitatoka nje kwa sasa. Lakini kukata na kushona, kuweka namba na nembo, hilo mafundi wa cherehani wa soko kuu wanaliweza, na mafundi wa kuchapa fulana za kampeni wanalifanya kila uchaguzi. Na kitenge cha klabu, kwa mama ambaye hapendi kuvaa mayo ya vijana, kingekuwa kazi nyepesi kwa kiwanda chochote cha vitenge kitakachowahi kuamka hapa.

Juu ya umbo la jezi, kila mmoja ana macho yake. Wazee wanataka rangi safi bila michoro. Vijana wanataka kitu cha kupigia picha. Sisi tungependa kuona siku moja miti na mitego ya wavuvi wa Wagenia imechorwa kwa mbali kwenye kitambaa, au mistari saba myembamba kwa maporomoko saba ya Boyoma. Ikishindikana, basi nembo ishonwe imara isibanduke kwa sabuni ya kwanza. Rangi ya msingi lakini isiguswe, na iandikwe kwenye katiba ya klabu, ili kuibadili kuhitaji mkutano mkuu wa wanachama wala isiwe nia ya prezida mmoja usiku mmoja.

Mkataba nao uwekwe wazi. Nani anatengeneza, kwa miaka mingapi, klabu inapata kiasi gani kwa kila jezi, nani anashika daftari. Mashabiki wetu wamezoea kuombwa michango kwa kila safari na kila majeruhi bila kuonyeshwa hesabu, na ndiyo maana wengi wataogopa kutoa hata franki za kwanza. Daftari likianza na usiri, litakufa kwenye ukurasa wa pili.

Kwa wizara ya michezo tuna ombi moja, na tunaliandika tukijua lina harufu ya uchokozi. Mkataba wa Barcelona unaendelea hadi msimu wa 2028-2029. Kabla haujaisha, wizara itengeneze mfuko mdogo wa dhamana kwa klabu za majimbo zinazotaka kuagiza jezi za mashabiki: klabu ikishindwa kukusanya malipo ya mwisho, mfuko unamlipa muagizaji na klabu inarudisha kidogo kidogo. Sehemu moja ya mia ya feza iliyotajwa kwa ajili ya migongo ya Barça ingetosha kuanzia katika miji kadhaa, Kisangani ikiwemo. Bunge la jimbo la Tshopo lina wabunge wa Basoko ndani yake, wanaweza kuuliza swali hilo kwa maandishi.

Komite za klabu za Kisangani hazihitaji kumsubiri waziri. Mfano wa jezi unaweza kuchorwa wiki hii, na daftari la kwanza linauzwa katika kila duka la vifaa vya shule.